Kwema, Ila

Ndoto nyingi hazina maana yoyote, tusidanganyane. Nyingine ni maharage yaliyoliwa kabla ya kuiva, nyingine ni mkono uliolaliwa vibaya. Lakini hii ya Nakiete ninaisimulia, tena kwa moyo mzito, kwa sababu aliiota mchana kweupe, juu ya kilima, mwanamke ambaye tangu apate akili hakuwahi kulala mchana isipokuwa kwa homa.

Kilima chenyewe kinaitwa Kivindu. Usikitafute kwenye kalenda za ukutani, hakimo. Wageni wenye viatu vizito na fimbo za chuma hupita mbali wakielekea milima yenye jina, na wakikiona Kivindu hudhani ni kichuguu tu kilichojisahau kikakua. Ni kilima chetu sisi wenyewe wa huku Upareni: njia nyembamba ya miguu, miti ya miwati upande mmoja na nyasi upande mwingine, ukungu unaokaa kileleni kama mgeni asiyejua kuaga, na kimya ambacho ukikohoa unajiona umekosea. Upande wa mawio ya jua ndiko kwake Nakiete. Upande wa machweo kuna gulio, soko letu la wiki, na ng'ambo ya gulio, ukishavuka kijito, ndiko kwa Senkondo, aliyemuoa Nanzia, binti wa pekee wa Nakiete. Hakuna barabara inayounganisha pande hizo mbili. Ukitaka kwenda unapanda, ukitaka kurudi unapanda.

Siku hiyo ya gulio Nakiete alikuwa ameshauza tangawizi yake na kununua chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia, mzigo uko kichwani, anaanza safari ya kurudi, ndipo akamwona Nanzia. Binti alikuwa amesimama peke yake pale njia ya kilima inapoanzia, mahali ambapo hakuna anayeuza wala anayenunua, amejitanda kanga hadi usawa wa jicho ingawa jua lilikuwa linachoma. Mama akafurahi. Hawakuwa wameonana tangu mvua za vuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema, ila..."

"Tumshukuru Mungu. Na mwenzio hajambo?"

"Hajambo."

"Na yule ng'ombe, ameshazaa?"

"Ameshazaa, mama."

"Haya, vizuri. Wasalimie wote."

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, maana msiponielewa hapa hamtanielewa mbele. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kwema kwanza, hata kama paa linaungua. Kwema, ila mtoto ana homa. Kwema, ila tumezika jana. Kwema ni adabu tu, ni kizingiti. Habari yenyewe huja nyuma ya ila, na muulizaji aliyefunzwa akiisikia ile ila hufunga kinywa, hushusha mzigo, husubiri. Nakiete alifunzwa. Tena yeye ndiye aliyemfunza Nanzia. Lakini nyuma yake walikuwa wanakuja wanawake wawili wa kwaya, wenye masikio marefu kuliko noti wanazoimba, na yeye kwa miaka yote mitatu ya ndoa ile alikuwa akiwaambia wanakwaya kwamba mwanawe amepata mume wa mfano. Ulimi ukakimbia wenyewe. Ulipomaliza kukimbia, Nanzia alikuwa amenyamaza, na mama alikuwa ameshapiga hatua za kwanza za mlima.

Akapanda akiwa na mwiba moyoni. Ila nini? Alijiambia labda ni unga umeisha. Labda ni mimba, na mimba si jambo la kusemwa njiani. Labda hakusema ila, labda alisema ile, ile nini sijui. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Alipofika karibu na kilele akatua mzigo kwenye nyasi, akakalia ngata yake, akasema ngoja nipumue kidogo. Ukungu ukashuka taratibu ukamfunika miguu, na usingizi ukamchukua pale pale alipoketi.

Akaona amesimama njiani, kilima ni kile kile na si kile. Miwati ilikuwa imepauka kama mifupa, njia imepanuka kiasi cha kupita watu kumi sambamba, na kote hapakuwa na ndege wala mdudu. Kuna mtu alikuwa anamvuta upindo wa kanga. Akageuka akaona kijitu chembamba, kinachechemea, macho mekundu ya kukosa usingizi, kucha zimeliwa hadi kwenye nyama. Nakiete akamfahamu mara moja, maana ndiye aliyekuwa akimvuta kanga tangu gulioni naye akimfukuza kama nzi.

"Wewe Wasiwasi," akamwambia, "huchoki?"

"Nimechoka zamani, mama," Wasiwasi akajibu. "Kila nyumba ninayoingia natolewa na ufagio. Wanasema naleta mabaya. Mimi siyaleti, nayakuta, kisha natoka mbio kuja kusema. Lakini tuyaache hayo. Unatafuta nini?"

"Natafuta neno la mwanangu. Lilikatika."

"Halikukatika. Lilikatwa," akasema Wasiwasi, wala hakusema kwa ukali. "Maneno yaliyokatwa hupanda huku juu, hukaa kwa Kweli, kileleni. Nitakupeleka. Nakuonya tu kwamba huko njiani wanaokaa ni watu wazuri, wenye maneno matamu na viti vya kukalia, na hakuna hata mmoja atakayependa ufike."

Wakaenda. Haukupita muda njia ikazibwa na lango, na langoni alikuwapo mwanamume nadhifu, amepaka mafuta mpaka kisigino, anafagia uwanja usio na hata jani moja. Wasiwasi akanong'ona kwamba huyo ni Kwema, bawabu wa nchi, na kwamba ana swali moja tu, basi afikiri kabla ya kujibu. Kando ya lango waliketi wanaume wanne wenye mabega mapana, na mbele yao imelazwa machela, ile ya miti miwili na blanketi ambayo kwayo watu wa milimani hubebana hadi zahanati. Wasiwasi akawataja: Huruma, Undugu, Ujirani na Haki. Waliposikia nyayo walinyanyuka wote wanne, wakashika miti, wakatega masikio, na miti ile ilikuwa haina hata alama ya jasho. Nakiete alipoiona machela moyo wake ukapata nguvu, akasema kimoyomoyo, hawa nitawaomba twende wote tukamchukue mwanangu.

"Karibu, mama," akasema Kwema akiinama. "Kwema?"

"Kwema," kinywa cha Nakiete kikajibu.

Wale wanne wakashusha machela. Hawakukasirika, hawakulaumu. Huruma alijilaza ubavu, Undugu akapiga mwayo, Ujirani akarudi kwenye kete zake za bao, na Haki akajifunika kofia usoni, maana huyo ndiye aliyeonekana kungoja kwa muda mrefu kuliko wote. Nakiete akageuka upesi, akasema hapana, nilitaka kusema, sikilizeni, nina binti. Kwema alikuwa ameshafungua lango na kumwonyesha njia kwa mkono wa adabu.

"Ulishasema, mama. Hapa hapana swali la pili. Mwenye kwema hana haja na mtu, apite."

Akapita, na lango likafungwa nyuma yake. Akalia kidogo, machozi ya hasira. Akamuuliza Wasiwasi mbona hukunifumba mdomo, naye akasema mimi sina nguvu hiyo, mimi navuta kanga tu.

Baada ya lango ikaja shamba la miparachichi, kivuli kizito, ardhi yote inanata. Chini ya miti waliketi wanawake vijana wasiohesabika, wengine bado wana hina ya harusi mikononi, nyuso zimeinuliwa na vinywa vimeachwa wazi kuelekea matawini. Katikati yao alitembea mama mmoja mwenye sauti laini, sauti ya kumbembeleza mtoto, akimpapasa huyu kichwa, akimrekebisha yule shingo iliyolegea. "Msitikise mti," alikuwa akisema. "Msiulize saa. Yaliyo juu yataiva, na yakiiva yatashuka yenyewe. Mvumilivu hula mbivu." Na kweli matunda yalishuka. Yalishuka yameoza, meusi, yakapasuka kwenye nyuso za wale mabinti, nao wakajifuta kwa kanga, wakaachama tena.

"Uvumilivu," Nakiete akamtaja jina, kwa sababu yale maneno aliyatambua. Ni yake. Ndiyo aliyomwambia Nanzia usiku wa kumuaga, amemshika mikono yote miwili, wanawake wakipiga vigelegele nje. Halikukosewa hata neno moja; Uvumilivu alikuwa anayasoma kama yalivyotoka.

"Wa kwako alikuwa pale," Uvumilivu akasema bila kuulizwa, akionyesha mahali ambapo nyasi zimelala kwa kukaliwa sana. "Alikuwa mzuri. Alipigwa na matunda mazito kuliko wenzake na hakunung'unika. Leo asubuhi akainuka. Sijui nani aliyemharibu. Ameniaibisha."

"Alipigwa?"

"Nimesema matunda, mama. Usinitafutie maneno."

Nakiete akazipapasa zile nyasi. Zilikuwa bado na joto. Akatamani kujilaza pale, naye aachame, asijue tena lolote, na pengine angefanya hivyo kama Wasiwasi asingemvuta. Walipokuwa wanatoka shambani, Wasiwasi akasema maneno ambayo Nakiete hajayasahau hadi leo. Alisema yule mama hakuzaliwa mbaya. Zamani shamba lake lilikuwa na mpaka, mtu alijua anavumilia kutoka hapa hadi pale, kisha anatoka na heshima yake. Wakaja wazazi wakang'oa alama za mpaka, mmoja mmoja, kila mmoja akisema ni kwa faida ya mtoto wake.

Njia ikazidi kupanda. Juu ya tambarare ndogo Nakiete akaona nyumba nyeupe inayong'aa kwa chokaa, madirisha ya vioo, maua barazani, na mbele yake umati unapiga makofi. "Huyo ndiye Nakiete," sauti zilisema. "Amelea, yule mama. Binti yake hana ila." Na pale barazani, juu ya kigoda kirefu, aliketi Sifa, mwanamke mnene wa shingo mwenye kicheko cha kukaribisha, akimwita kwa jina na kwa jina la baba yake. Nisiwafiche: Nakiete alifurahi. Alikuwa ameshachoka, ameshalia, na hakuna aliyewahi kumwambia neno jema tangu aingie nchi ile. Akasogea, akaegemeza viganja ukutani ili ashushe pumzi, na viganja vikanata.

Ndipo akaona kwamba haikuwa nyumba. Ulikuwa ukuta mmoja, ule wa mbele, na nyuma yake hakuna chumba, hakuna paa, ni ukingo wa mlima na upepo. Akina mama walijipanga kushoto na kulia, kila mmoja na ukuta wake mweupe, mikono imenata, migongo imepinda kwa miaka ya kuuzuia usianguke. Wale wanawake wawili wa kwaya walikuwapo pia, jirani kabisa, wanahema kwenye kuta zao, na kumbe hawakuwa na nafasi hata ya kumtazama yeye. Hilo lilimuuma kuliko kama wangekuwa wanamcheka. Miaka mitatu amewaogopa watu ambao wao wenyewe walikuwa wanamwogopa yeye.

Kulikuwa na ufa ukutani. Nakiete akaweka jicho. Nyuma, kwenye upepo, ukingoni kabisa, alisimama Nanzia bila kanga kichwani, na jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba limefunga, la rangi ya zambarau mbivu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasema jambo, analirudia, analirudia, na kila alipofungua kinywa wale wa mbele walipiga makofi zaidi na Sifa akacheka kwa sauti zaidi, hata lisisikike.

"Mnyamazishe huyu mwanamke," Nakiete akamwambia Wasiwasi.

"Hanyamazi mpaka ukuta uanguke."

"Na ukianguka?"

"Watu wataona kwamba nyuma hakuna nyumba. Hutaitwa tena mbele kushauri mabinti. Watakuja kukupa pole, na hiyo pole itakuwa na pilipili ndani yake. Utazeeka ukiitwa mama wa yule aliyerudi."

Nakiete akavuta mikono. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye chokaa, na alisikia uchungu wake kama mtu aliye macho. Ukuta ukaanguka bila kishindo, ulikuwa udongo tu. Makofi yakakoma. Akaruka kifusi mbio, mikono inavuja damu, anaita Nanzia, Nanzia, mama nipo. Ukingoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na upepo na mahali pa nyayo mbili palipokanyagwa sana. Akamgeukia Wasiwasi amkaripie, kwamba nimelipa, nimevunja, mbona sipewi mwanangu, na Wasiwasi akainamisha kichwa. "Kuvunja ukuta hakumrudishi mtu, mama," akasema. "Kunakuruhusu tu kuona kwamba ameondoka."

Kilele kilikuwa hatua chache kutoka hapo, uwanda wa nyasi fupi uliojaa ukungu. Hapakuwa na nyumba yenye mlango. Kweli alikuwa ameketi nje, kwenye jiwe, mwanamke wa makamo aliyevaa shuka la kawaida kabisa, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imekauka, sauti ya mtu ambaye kila akianza sentensi anakatizwa. Hakumuuliza kwema. Alimtazama tu, akasogea kidogo kwenye jiwe ili Nakiete akae.

"Huu unaouita ukungu," akasema, "ni pumzi. Kila aliyefungua kinywa akasema kwema, ila, kisha mtu akamwambia tumshukuru Mungu, pumzi ile iliyokuwa imeandaliwa kulibeba neno hupanda huku. Ndiyo maana Kivindu hakina jua. Ninyi mnapita hapa kila gulio, mnajifunga shuka shingoni, mnasema leo baridi."

Nakiete akasikiliza. Kumbe ukungu ulikuwa unanong'ona. Ila sipelekwi tena shule. Ila mama, huyu mtoto si mzima. Ila damu haikatiki. Ila naogopa kurudi. Sauti za watu aliowajua, wengine ameshawazika kwa mkono wake, wengine alikuwa amewasalimia asubuhi ile ile. Akajaribu kuziba masikio kwa viganja vyenye damu, akakumbuka amekuja kufanya nini, akavishusha.

"Kabla sijaisikia ya mwanangu," akauliza, "yuko wapi Tumaini? Walinifundisha nikiwa mdogo kwamba Tumaini anakaa kileleni."

"Anakaa hapa. Asubuhi alishuka gulioni amefuatana na binti yako. Walikuwa wameshikana mikono. Hajarudi."

Kisha Kweli akanyoosha mkono ndani ya ukungu, na sauti ikaja karibu, sauti ya Nanzia kabisa, ile ya chini, isiyotaka kusumbua mtu. *Kwema, mama, ila nimekuja ili tuondoke wote.*

Basi. Ndiyo yote iliyokuwa nyuma ya ile ila. Nakiete akapiga kelele, na kelele yake mwenyewe ikamwamsha.

Aliamka amelala ubavu kwenye nyasi, shavu lina baridi, mzigo wake uko pale pale. Viganja vilikuwa vizima. Ukungu ulikuwa ukungu. Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa miwati, na kilima kilikuwa kimya kama kilivyo siku zote, na katika kimya kile maana ikamwingia polepole, haikuhitaji mfasiri. Nani husimama pale njia ya kilima inapoanzia, siku ya gulio, hana kikapu, hana cha kuuza? Anayesubiri mwenzake wa safari. Nanzia hakuja kumsalimia. Alikuja kupanda Kivindu. Ile kanga ya usoni ilikuwa ya kufichia watu wa gulioni, si mama. Mama angeonyeshwa mbele kidogo, njiani, mahali pasipo na mtu. Alichohitaji ni mama anyamaze kwa muda wa pumzi moja, naye mama akamuuliza habari za ng'ombe.

Aliuacha mzigo nyasini, chumvi na sabuni na yote. Akashuka kwa njia ile ile, mwanamke wa miaka yake, anashikilia miti, anateleza, anainuka. Gulio lilikuwa limekwisha. Muuza tangawizi mmoja alikuwa anafunga magunia yake, na Nakiete akamuuliza kama amemwona Nanzia.

"Yule binti yako? Alikaa pale njiani mpaka watu wakaisha," mwanamke akasema. "Anatazama juu kilimani tu. Nikadhani umesahau kitu, anakungoja urudi. Mwisho mumewe akaja kumchukua."

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Walikwenda."

Kwetu mama haendi kwa mkwe bila kuitwa. Haendi kabisa. Akienda hukaa nje, hutandikiwa jamvi uani, huletewa maji na mtoto, na chumba cha ndani hakioni hata kwa jicho la pembeni. Nakiete alivuka kijito na viatu miguuni, akapita ua, akasukuma mlango bila hodi. Senkondo alikuwa juu ya kigoda, kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, karibu na mguu wake. Akainuka kwa heshima zote, maana adabu hajawahi kupungukiwa, akasema shikamoo, mama, karibu, mbona hivi. Nakiete hakumuitikia. Alimwona Nanzia jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga, mgongo mlangoni, anapuliza moto.

"Nanzia," akamwita. "Nimekuja tuondoke."

Binti aligeuka. Kanga ilikuwa imeshuka mabegani na jicho lilikuwa vile vile kama lilivyoonekana katika ule ufa wa ndotoni, wala hakuhangaika kulifunika. Hakumtazama mumewe. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anavyomtazama mpita njia anayeuliza njia ya mahali ambapo yeye haendi tena.

"Umerudi, mama," akasema.

"Nimerudi. Niambie, mwanangu. Kwema?"

"Kwema," Nanzia akajibu.

Nakiete akanyamaza. Alifunga kinywa kama alivyofunzwa na mama yake, akakaa chini kwenye sakafu ya mkwe wake, katika chumba ambacho hakustahili kukiona, akasubiri. Kuni zililia, moto ukashika. Senkondo akakohoa akatoka nje. Nanzia akageukia mafiga, akateleka sufuria, akachukua unga, akaanza kupika chakula cha jioni, na hakuongeza neno.